Bafu la Mwisho wa Laini

Nimeweka mwiko wangu wa plasta chini. Mgongo ndio uliotaka, si mimi. Mafundi wanawake niliowaacha kazini wameniomba niandike jinsi nilivyoingia katika ufundi huu, kwa sababu mpaka leo kila wanapofika mahali pa ujenzi huulizwa nani aliyewaruhusu. Jibu langu ni fupi: mimi hakuniruhusu mtu. Anayetaka habari za vyeo na mishahara atafute kwa mwingine. Nitasimulia habari za bafu moja dogo, la kwanza, maana mengi niliyoyajua baadaye niliyaanzia humo.

Nilifika Nairobi kutoka Mombasa katika miaka ya hamsini, bibi harusi bado nina hina mikononi. Mume wangu, Saidi, alikuwa akifanya kazi kwenye mashine za kushona magunia, na kampuni ilimpa chumba katika mtaa wake huku Eastlands, mwendo mfupi kutoka Majengo. Mtaa huo ulishabomolewa na kampuni yenyewe ilikufa, kwa hiyo sitapoteza wino kulitaja jina lake. Nyumba zilikuwa laini ndefu za mawe, chumba kimebanana na chumba, na zilijengwa kwa wanaume wa kukaa peke yao. Mabafu yote yalikuwa yao. Sisi wake zao tulipoanza kuwasili, kampuni ilichukua stoo ya zamani ya mafagio mwisho wa laini yetu, ikatoboa tundu la maji ukutani, ikatangaza kwamba hilo ndilo bafu la wanawake.

Mwanamke akinyoosha mikono humo ndani aligusa kuta zote mbili. Si kwamba alitaka kuzigusa. Zilikuwa nyeusi kwa ukungu kuanzia chini mpaka kwenye mabati, na zilitoka jasho asubuhi kama mtu mwenye homa. Sakafu ilikuwa ya simiti iliyosuguliwa laini kama sahani, tena imeinamia pembe isiyo na tundu, kwa hiyo maji ya sabuni ya jana yalikungojea palepale. Mlango haukuwepo. Uliwahi kuwepo, ukang'olewa kwa amri ya meneja, Mzungu. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, askari walikuwa wakiingia mitaani kusaka watu, na meneja alisema stoo yenye mlango ni maficho. Basi ukitaka kuoga ulimtafuta mwenzako asimame pale ametandaza leso. Ukimkosa, huogi. Wengine waliogea chumbani wakiwa wamechutama nyuma ya kitanda, karai chini, watoto wamegeuzwa nyuso ukutani.

Mimi nilipata kazi ya kufagia laini na kusafisha bafu hilo. Siku yangu ya kwanza nyapara wa mtaa, Shadraki, alinikabidhi fagio, ndoo na chupa ya dawa iliyochoma pua, akasema anataka bafu ling'ae. Nilisugua mpaka mikono ikavimba. Jioni lilikuwa jeusi vilevile. Nikamwambia Shadraki kwamba lile halikuwa tatizo la uchafu, lilikuwa tatizo la aliyelijenga. Akanijibu kwamba sikuajiriwa kutoa maoni. Hakuwa mtu mbaya kwa maumbile yake. Alikuwa mtu aliyepewa filimbi.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Rasoa, binti wa Kimaragoli, mke wa mpakiaji wa magunia. Alikuwa na mimba kubwa, tena alikuwa mwenye aibu sana. Akizungumza nawe aliangalia miguu yako. Asubuhi moja alikuwa akioga, nami nimemshikia leso mlangoni. Upepo ukainua pindo, na wakati huohuo mwanamume akawa anapita na baiskeli yake. Rasoa akageuka kwa haraka kujificha. Nilisikia unyayo ukiteleza, kisha nikasikia mkono ukivunjika. Mfupa ukivunjika katika chumba kidogo cha mawe hutoa sauti ambayo sipendi kuisikia tena.

Tulimfunga kwa leso ileile, tukamlaza kwenye mkokoteni wa kampuni bila kumwomba mtu, tukamsukuma mpaka hospitali. Mtoto tumboni alisalimika, namshukuru Mungu. Rasoa alijifungua muda si mrefu baadaye, mkono mmoja ukiwa ndani ya plasta, na mtoto akawa ananyonyeshwa huku mmoja wetu amemshikilia.

Tulikwenda kwa meneja wanawake wote wa laini. Hakutukaribisha ndani. Alisimama barazani akatwambia kwa Kiswahili chake kile cha kuamrisha: "Nyumba hii ya watu ya kazi. Mwanamke hapana penda bafu, rudi rizavu." Yaani turudi vijijini kwetu. Kisha, ili isisemwe hakufanya kitu, akamtuma Shadraki atuletee kopo la rangi ya kijani iliyobaki kwenye kupaka malori ya kampuni. Shadraki aliliweka miguuni pangu. "Pakeni," akasema, "mnyamaze."

Nimeona dharau nyingi katika kazi hii, lakini hiyo ilikuwa na ladha yake. Mtu amevunjika mkono, nawe unampa rangi ya lori. Nilimrudishia kopo halijafunguliwa. Nikamwambia rangi haishiki kwenye ukuta unaotoka jasho, na hata ingeshika, hakuna aliyewahi kuanguka kwa sababu ukuta ulikuwa mweusi. Halafu nikavaa buibui langu nikaenda Majengo kulia.

Niliyemlilia alikuwa Bi Hadija. Tulijuana kwenye maulidi. Alikuwa miongoni mwa wanawake waliokuja Nairobi zamani, peke yao, wakajijengea nyumba za udongo Majengo na kuzipangisha, wala hawakumpigia magoti mwanamume kwa sababu ya paa. Nyumba yake aliikandika mwenyewe, aliipaka chokaa mwenyewe, na kila mwaka kabla ya Ramadhani aliirudia upya mwenyewe, ingawa umri ulikuwa umemkalia. Alinisikiliza huku anatafuna tambuu. Nilipofika mwisho akatema, akauliza, "Umeshalia, umemaliza?"

Nikasema nimemaliza.

"Basi kesho vaa nguo kuukuu. Nakuja kuliona."

Alikuja wanaume wakiwa wameshaingia zamu. Aliupapasa ukuta kwa kiganja, akaunusa, akamimina kikombe cha maji sakafuni akasimama kuangalia yanakokwenda. Yalikwenda kule yalikokwenda siku zote, pembeni, yakalala. Akaniambia hapo hapakuwa na bafu, palikuwa na kisima kilichokosewa. Akasema tuvue kila kitu kabla ya kuvisha kitu. Kwa wiki nzima tulikwangua ukungu kwa vipande vya bati na shoka butu mpaka jiwe likaonekana, na sisi wenyewe tukawa weusi kama wauza makaa. Rasoa, mkono kifuani, alikuwa akitoa kifusi kwa karai dogo la mkono mmoja. Nilimwambia apumzike. Akaniambia, na kwa mara ya kwanza akaniangalia usoni, "Dada Zuhura, mkono uliovunjika ni wangu. Niache."

Fedha hatukuwa nazo za kununua chochote, kwa hiyo tulitafuta kilichotupwa. Chokaa alikuwa nayo Bi Hadija, ameizima muda mrefu kwenye nusu ya pipa nyuma ya nyumba yake, imefunikwa maji, laini kama mtindi. Mchanga tuliuzoa bonde la Mathare tukaurudisha kichwani kwa madebe. Mawe tuliyapata hukohuko, kwa wanawake waliokuwa wakivunja kokoto. Yale yaliyokataa kuvunjika vizuri walitupatia bure, kwa sababu nao walikuwa na habari zao za mabafu. Vigae tulivipata kwa Mhindi mmoja aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi karibu na Kariokor. Uani kwake palikuwa na rundo la vigae vilivyovunjika njiani, vya kila rangi. Tulimwomba tuviondoe. Alitutazama sana, kisha akatufungulia lango la nyuma kabla hatujabadili mawazo.

Sasa hapa nawaambia nyinyi mnaoshika mwiko. Sakafu ndiyo bafu. Ukuta mtu hauangalii akiwa na sabuni machoni, lakini sakafu anaikanyaga. Tulivunja ile sahani ya simiti, tukapanga kokoto upya, na Bi Hadija akanifanya nitengeneze mteremko kuelekea tundu, nipime kwa kikombe cha maji, nibomoe, nipime tena. Hatukuwa na pima maji. Maji yenyewe ndiyo yalikuwa fundi mkuu. Juu yake tukapachika vipande vya vigae, vile vidogo tu, tena tukaacha nafasi pana katikati yake, kwa sababu ni zile nafasi zenye chembechembe zinazoshika unyayo. Kigae kizima kizuri kinapendeza dukani. Bafuni kinamwangusha mtu. Pembe ya ukuta na sakafu tukaiviringisha kwa mviringo wa chupa, maji yasipate pa kujificha.

Ukutani nilianza kwa pupa. Nilipiga plasta ya chokaa juu ya jiwe kavu, nikajisifu, na kulipokucha nikaikuta yote chini. Bi Hadija alinipa ndoo. Nikalowesha ukuta mpaka ukakataa kunywa, ndipo nikapiga upya, tabaka jembamba, kisha jingine. Tulipofika kwenye kupaka rangi, tulichanganya chokaa nyembamba na chumvi ili ishike, na Rasoa akaleta bluu ya kufulia nguo nyeupe, akaikamua kwenye kitambaa kidogo kidogo. Ilikuwa fikira yake, si yangu wala ya Bi Hadija. Ukuta ulipokauka ulikuwa mweupe wenye ubaridi wa asubuhi. Chumba kile kidogo kikaonekana kimepata nafasi, na hatukukiongezea hata unyayo mmoja.

Likabaki suala la mlango. Tulikaa sote sakafuni mle, pakavu kwa mara ya kwanza, tukitazama ule uwazi. Mwanamume akipita nje tunamwona, naye anatuona. Nikasema labda tuning'inize gunia. Bi Hadija akasema gunia ni mlango, litang'olewa. Akafikiri, akauliza, "Wamekataza mlango. Ukuta wamekataza?"

Hakuna aliyekuwa amekataza ukuta. Basi tulijenga ukuta mfupi kwa upana, mrefu kuliko mtu yeyote wa mtaa ule, mbele ya uwazi, ukaacha njia ya kupita kando. Unaingia, unakata kona, umefika. Aliyeko nje anaona mawe tu. Nyumba nyingi za kwetu pwani zinaingiwa hivyo, mgeni asione ndani kabla hajakaribishwa, nami nilikulia humo bila kujua kwamba ni ufundi.

Wa kwanza kuoga tulimpa Rasoa. Hakuna aliyemshikia leso. Tulikaa nje tukimsikiliza akijimwagia maji, akakaa sana, na alipotoka tukaona alikuwa amelia, naye akasema sabuni imemwingia machoni. Tukakubali kwamba ni sabuni.

Hatukukaa wiki mbili. Meneja alipita kukagua mtaa, akaona ukuta ambao hakuuagiza, akasema watu watajificha nyuma yake. Kesho yake asubuhi Shadraki akaja na vibarua wawili wenye sururu. Nilikuwa nafagia. Niliweka fagio chini nikasimama njiani, bila kujua nitasema nini, maana nilijua kabisa nikimgusa mtu nitafungwa. Wakati huo Rasoa akatoka chumbani kwake na karai la maji, mtoto mgongoni, akapita mbele yetu sote wala hakuinamisha uso, akakata kona, akaingia. Sauti yake ikatoka nyuma ya ukuta, si kubwa: "Kuna mtu anaoga."

Shadraki akasema atasubiri. Rasoa alioga. Alipotoka, jirani wa chumba cha tatu alikuwa ameshasimama na karai lake. Akaingia. Baada yake mwingine. Habari ikapita laini nzima, kisha laini ya pili, na wanawake nisiowajua majina wakaanza kuja na ndoo na vitambaa vya kujisugulia, wakapanga foleni kwa utulivu kabisa, kama watu wanaongoja maji ya mfereji. Wengine walisuguana migongo. Mmoja aliosha nywele zake, akazisuka humohumo, akazifumua, akaosha tena. Wale vibarua waliketi kivulini. Mmoja wao mke wake alikuwa ndani, naye alijitahidi sana kuangalia upande wa Makadara. Shadraki alipiga filimbi mara moja. Hakuna aliyejua ile filimbi ilikuwa na maana gani, hata yeye.

Alasiri meneja akaja mwenyewe, uso umeiva kwa jua na hasira. Akauliza mkubwa wa kazi hii ni nani. Sikupenda kumtaja Bi Hadija, na Rasoa alikuwa na mtoto mchanga. Nikasema ni mimi.

"Wewe ya kufagia."

"Ndiyo, bwana. Na mimi ndiye niliyejenga."

"Toa ukuta."

Nikamwambia, nakumbuka kila neno: "Ulikataza mlango, hatukuweka mlango. Huu ni ukuta. Ukitaka uvunjwe, ingia uvunje wewe. Wanawake wamo ndani, uchi. Sisi hatutakuzuia."

Akapiga hatua mbili kuelekea kwenye kona. Ndani maji yalisita kumwagika. Alisimama pale, mkono kwenye mawe yetu, kisha akaugeuza uso wake akarudi. Alisema ukuta ukae mpaka atakapotoa amri nyingine. Akasema mimi sina kazi kuanzia saa ile, na mume wangu arudishe chumba, kwa kuwa hawezi kumtawala mkewe.

Hilo ndilo lililoniumiza. Kazi ya kufagia ningepata nyingine, lakini chumba kilikuwa cha Saidi. Yeye alikuwa mtu wa woga na utaratibu, asiyechelewa zamu hata akiwa mgonjwa, na wiki zote zile alinitazama nikitoka na kurudi na chokaa kwenye nyusi bila kuuliza. Aliporudi nikamweleza yote nikiwa nimesimama, nisionekane ninaomba msamaha. Alivua viatu.

"Tangu ulipofika Nairobi," akasema, "kila nikipita pale mwisho wa laini nageuza uso. Sote tunageuza. Wanaume wazima, tunatembea shingo upande katika mtaa wetu wenyewe." Akaisugua shingo yake. "Mimi nimechoka, Zuhura. Funga vyombo."

Siku ya kuhama tulipakia kitanda, sanduku na masufuria kwenye mkokoteni. Shadraki alikuja kuchukua ufunguo. Nilimwambia angoje kidogo. Nikachukua taulo na kipande cha sabuni nikaenda mwisho wa laini. Wanawake walikuwa wameshanijazia madebe mawili ya maji ya moto, sijui kuni walizitoa wapi. Katika bafu lile nilikuwa nimeoga mara chache tu, harakaharaka, kwa sababu kila mtu alikuwa na hamu nalo. Siku hiyo nilioga taratibu. Nilisugua visigino kwa jiwe. Niliangalia maji yakienda kwenye tundu bila kusita, nikaangalia ule weupe wa bluu. Kwa mbali nilimsikia Shadraki akikohoa. Nikamimina kopo jingine.

Tulihamia kwa Bi Hadija, chumba cha uani. Saidi aliendelea na magunia yake, akitembea mbali zaidi kila asubuhi, shingo imenyooka. Amri nyingine ya meneja haikutoka. Sijui alisahau au alijifanya amesahau. Miezi michache baadaye alihamishwa, na laini nyingine tatu zikawa na kuta zao. Mimi nilikandika na kupaka mabafu ya Majengo pamoja na Bi Hadija mpaka macho yake yalipoanza kufifia, kisha nikapaka peke yangu. Aliniachia mwiko wake akiwa hai, akasema hataki uje ugawanywe kwenye urithi na watu wasiojua kuushika.

Miaka ya hamsini ilipokuwa inakaribia mwisho, walikuwa wakijenga nyumba za wafanyakazi upande wa Makadara, nami nikasikia wanatafuta mafundi wa plasta. Nilikwenda na mwiko na burashi yangu ya katani kwenye kikapu. Msimamizi alinichekea, kisha alipoona sicheki akanijaribu kwenye ukuta mmoja wa jikoni. Aliutazama ukiwa mbichi, akarudi akautazama ulipokauka. Akakuna kichwa. Akasema kazi ninaijua, hawezi kubisha, lakini kwa bahati mbaya hawezi kuniandika, kwa sababu pale kazini hakuna choo wala bafu la wanawake.

Nikamuuliza mchanga uko wapi.